Kichwa cha mvuke kimefufuliwa: kipite njia kuu, tawi tulivu au reli yake chenyewe?

Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma haitoi hata uzi mmoja wa moshi, lakini wapo watu wazima wanaoiita garimoshi mpaka leo. Neno limekaa, moshi umekwenda zake. Kwa sisi tuliokua tukisimuliwa habari za vichwa vya mvuke na watu waliosafiri navyo, hamu ya kuviona vikitembea tena haiishi, na pale Makumbusho ya Reli ya Nairobi huwa kali zaidi. Ukisimama kando ya Mount Gelai, Garratt (kichwa chenye boila moja kati ya seti mbili za magurudumu ya kusukuma) namba 5918 ya daraja la 59, umesimama kando ya tani zaidi ya 250 za chuma. Vichwa 34 vya aina hiyo viliundwa na Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, vikapewa majina ya milima yetu. Hakuna vichwa vya mvuke vilivyowahi kuvishinda nguvu kwenye reli ya mita, yaani yenye upana wa mita moja. Swali linakuja lenyewe: kwa nini kisitoke tena kwenda Mombasa?

Makala haya ni ya wale ambao kwao swali hilo lina bajeti na kikao: chama cha wapenzi wa reli, shirika la reli lenye vichwa vya zamani karakanani, kaunti au halmashauri inayotafuta kivutio, mwekezaji wa utalii. Kufufua kichwa ni kazi ngumu, ila ni kazi inayojulikana. Boila lina fundi wake, magurudumu yana fundi wake. Baada ya miaka ya kufuatilia nchi ambazo vichwa hivi bado vinatembea, naona ugumu unaodumu uko kwenye njia yenyewe: nani mwingine anapita hapo, kwa kasi gani, na nani ana mamlaka ya kukuambia usubiri.

Njia za kuchagua ni tatu. Ya kwanza ni njia kuu yenye treni nyingi, mfano East Coast Main Line inayotoka London kwenda Edinburgh. Ya pili ni tawi tulivu la reli ya umma, ambako treni ya mvuke inachangia njia na treni chache za kawaida. Mifano yake ni Fort William hadi Mallaig kule Uskoti, kilomita 66 hivi, na njia ya Yamaguchi nchini Japani. Ya tatu ni reli ya urithi inayojitegemea, yenye njia yake, stesheni zake na ishara zake: Severn Valley ya Uingereza yenye kilomita 26, au mtandao wa Harz nchini Ujerumani, kilomita 140 za reli ya mita kama yetu. Kukiacha kichwa makumbusho bila moto nako ni uamuzi halali, na nitaurudia mwishoni.

## Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo yale yale: nafasi kwenye ratiba, usalama, maji na mafuta, hatari ya moto kando ya reli, watu wa kuiendesha, na fedha. Havina uzito sawa. Viwili vya kwanza ndivyo vinavyoamua mengi, kwa hiyo nitakaa navyo zaidi.

## Nafasi kwenye ratiba

Njia kuu haina subira. Treni za umeme kwenye East Coast hukimbia kilomita 200 kwa saa, na vichwa vingi vya mvuke vyenye magurudumu makubwa vinaruhusiwa kufika kilomita 120 tu kwenye reli kuu za Uingereza. Si hiyo tu. Kichwa cha mvuke huchukua muda kupata kasi kila kinaposimama, na husimama mara nyingi kuliko treni nyingine kwa sababu ya maji. Matokeo yake hupangiwa njia za kupishania, kikae kando treni za haraka zipite. Nafasi huombwa miezi kabla, na ukichelewa kidogo umeipoteza: utakaa kwenye njia ya kupishania ukitazama treni za watu wengine zikikupita na abiria wako wakiuliza kulikoni.

Wenye Tornado, kichwa kipya cha mvuke kilichokamilishwa Darlington mwaka 2008 kwa michoro ya zamani, walijaribu kuutatua ugumu huu kwa kasi. Aprili 2017 walikikimbiza usiku hadi kilomita 161 kwa saa, nia ikiwa wapate ruhusa ya kubeba abiria kwa kasi kubwa kuliko 120, kisizibe njia. Mwaka mmoja baadaye, kikiwa na abiria kwenye njia hiyohiyo karibu na Sandy, mtambo wake wa vali uliharibika na safari ikafia hapo. Nalitaja jambo hili kwa heshima, maana ni watu wenye ujuzi wa hali ya juu. Kasi inayokupatia nafasi kwenye ratiba ndiyo hiyohiyo inayokila chuma chako.

Tawi tulivu lina nafuu kubwa. Kati ya Fort William na Mallaig njia ni moja, treni za kawaida ni chache, na treni ya mvuke ina nafasi yake inayojulikana msimu mzima wa kiangazi. Japani wameendesha mvuke njia ya Yamaguchi tangu Agosti 1979, na ratiba yake huchapishwa kama ya treni nyingine yoyote. Ugumu wa tawi ni kwamba njia ni moja: kichwa kikikwama porini, kimefunga reli kwa kila mtu, na dizeli ya kukuvuta iko mbali.

Reli inayojitegemea haina tatizo hili hata kidogo. Ratiba ni yako. Unachotoa badala yake ni mwendo: reli za urithi za Uingereza kwa kawaida hazizidi kilomita 40 kwa saa. Anayetaka kusikia kichwa kikubwa kikifanya kazi kwa nguvu zake zote hatakisikia huko.

Kwetu mipaka hii imechanganyika kwa namna inayovutia. Tangu reli ya SGR ifunguliwe mwaka 2017, abiria wa Nairobi na Mombasa wamehamia huko, na reli ya mita ya zamani imepungukiwa sana. Iliyokuwa njia kuu inaanza kufanana na tawi. Lakini usidanganyike na ramani nzima: treni za kupeleka watu kazini Nairobi zinatumia reli hiyohiyo asubuhi na jioni, na mizigo inayoshushwa Naivasha kwenda Malaba inapita juu yake. Sehemu ya njia inaweza kuwa tulivu na kilomita kumi mbele ikawa soko.

## Usalama na vifaa

Hapa ndipo njia kuu inapodai gharama kamili. Tarehe 7 Machi 2015, karibu na Wootton Bassett nchini Uingereza, treni ya mvuke yenye abiria iliipita taa nyekundu na kusimama mamia ya mita mbele, juu ya makutano ya njia. Treni ya haraka ilikuwa imetoka kupita hapo muda usiofika dakika moja. Uchunguzi ulikuta kwamba kifaa kinachopaswa kufunga breki chenyewe kilikuwa kimezuiwa na watu waliokuwa ndani ya kichwa, baada ya kulichelewesha jibu la onyo la awali. Kampuni iliyoendesha treni ile ilisimamishwa kutumia reli kuu, na baadaye ikatozwa faini mahakamani. Nimesoma habari za siku ile mara nyingi, na kila mara nafikiria watu waliokuwa ndani ya mabehewa wakinywa chai.

Sababu ya ugumu huu inaeleweka ukiwahi kupanda pale juu. Dereva wa kichwa cha mvuke anatazama mbele kando ya boila refu. Upande mmoja haoni kabisa, na mvuke ukishuka chini haoni pande zote. Kuna kelele, joto na mtikisiko. Ndani ya mazingira hayo unatakiwa kufunga vifaa vya kielektroniki vilivyobuniwa kwa chumba safi cha dereva wa treni ya umeme. Kwa East Coast, ambako ishara za kando ya reli zinaachia nafasi mfumo wa Ulaya wa ETCS unaomwonyesha dereva ruhusa yake kwenye kioo, Tornado ndiyo iliyochaguliwa kufungiwa mfumo huo. Kichwa cha mvuke hakina umeme wa maana wa kwake, kwa hiyo lazima uongeze jenereta, betri, nyaya zinazohimili joto, na nafasi ya kuviweka. Chini ya nyaya za umeme za volti 25,000 pia hakuna ruhusa ya mtu kupanda juu ya tenda, lile gari la makaa na maji nyuma ya kichwa, kusukuma makaa, wala kuinua chuma kirefu cha kuchochea moto. Ndiyo maana kwenye SGR ya umeme ya Tanzania, hata tukisahau kwamba upana wa reli ni tofauti, mvuke hauna mahali.

Liko tena suala la madaraja. Vyuma vinavyosukuma magurudumu huyafanya yapige reli kwa kishindo kila mzunguko, na kishindo hicho hukua kadiri kasi inavyoongezeka. Daraja lililopimwa kwa dizeli halijapimwa kwa hilo. Kingo za majukwaa nazo husogea kadiri reli inavyoinuliwa kwa kokoto mpya, mpaka silinda iliyopita hapo miaka 50 ikakwaruza.

Tawi tulivu halikuondolei masharti haya; linayapunguza tu, kwa sababu bado ni reli ya umma. Treni ya Mallaig inatumia mabehewa ya zamani yenye milango inayofunguliwa kwa mkono. Mamlaka ya reli ilitaka milango hiyo iwe na kufuli moja linalotawaliwa na gadi. Waendeshaji walikwenda mahakamani wakashindwa Desemba 2023, na majira ya kuchipua ya 2024 safari zikasimama kwa wiki kadhaa hadi ruhusa ya muda ilipopatikana. Wajapani wa Yamaguchi walichukua njia nyingine ninayoiona ya busara sana: mwaka 2017 walileta mabehewa mapya kabisa yaliyotengenezwa kwa sura ya zamani, yenye usalama wa leo ndani yake.

Reli inayojitegemea ina wakaguzi pia, na boila hukaguliwa kwa ukali uleule. Lakini mwendo mdogo na kutokuwepo kwa treni za wengine huziruhusu ishara za mkono, breki ya vakyumu na mabehewa ya mbao kuendelea kufanya kazi zake. Kama lengo lenu ni kuhifadhi namna ya kazi ya zamani pamoja na mashine yake, hapa ndipo inapokaa salama.

## Maji, mafuta na kugeuza

Kichwa kikubwa kinachovuta treni ya haraka hunywa lita 100 na zaidi kwa kila kilomita. Enzi zile kulikuwa na matenki kila stesheni kubwa. Leo yameng'olewa, na kwenye njia kuu lazima gari la maji likusubiri mahali palipokubaliwa, bomba liunganishwe, dakika zihesabiwe. Makaa yamekuwa shida mpya. Ffos-y-fran, mgodi wa Wales uliokuwa ukilisha reli nyingi za urithi za Uingereza, ulifungwa mwaka 2023, na sasa makaa yanasafirishwa kutoka mbali. Kwenye tawi au reli yako mwenyewe unaweza kujenga tenki mara moja ukaliacha hapo, na hilo hupunguza kero zaidi kuliko mtu anavyodhani.

Vichwa vyetu vina baraka mbili. Vichwa vya daraja la 59 vilichoma mafuta, kwa hiyo suala la makaa halituhusu sana. Na Garratt hutembea sawasawa mbele na nyuma, haihitaji meza ya kugeuzia wala pembetatu ya reli, ambavyo kwa vichwa vyenye tenda huamua safari iishie wapi.

## Moto kando ya reli

Cheche kutoka kwenye dohani na makaa yanayodondoka chini havijali reli ni ya nani. Mfano mzito unatoka kwenye reli inayojitegemea, Durango na Silverton huko Colorado. Moto wa Juni 2018 uliteketeza karibu hekta 22,000, na wachunguzi wa serikali ya Marekani wakasema chanzo ni treni hiyo ya makaa. Shauri likamalizika kwa makubaliano ya dola milioni 20. Baada ya moto huo reli ile ilianza kugeuza vichwa vyake vichome mafuta. Kwenye njia kuu na matawi, mwendeshaji wa reli anaweza kukuambia siku za ukame uvute kwa dizeli, na abiria aliyelipia mvuke hatafurahi. Kwa mtu anayefikiria kupita Tsavo mwezi wa Septemba, nyasi zikiwa kavu kama karatasi, hiki ni kigezo cha kwanza, hata kama kichwa kinachoma mafuta.

## Watu

Njia kuu inataka dereva anayekijua kichwa na pia anayeijua njia: kila mteremko, kila ishara, kila kona, na ujuzi huo lazima auhuishe mara kwa mara. Watu wa namna hiyo ni wachache hata Uingereza. Tawi linahitaji ujuzi uleule kwa kilomita chache, kwa hiyo watu wachache wanatosha kuushika vizuri. Reli inayojitegemea ndiyo shule: kijana huanza kwa kufuta mafuta na kuzoa majivu, akawa fayamani, yaani mchochea moto, akawa dereva baada ya miaka.

Kenya mvuke ulikoma kazini kuelekea mwaka 1980. Fayamani aliyekuwa na miaka 25 wakati huo sasa amepita 70. Mzee huyo akiwa bado yupo, yeye ni sehemu ya mtambo, na anapaswa kutafutwa kabla ya spana ya kwanza kununuliwa.

## Fedha na abiria

Njia kuu huleta majina makubwa na umati. Flying Scotsman, kichwa cha mvuke maarufu cha Uingereza, ilirudi mwaka 2016 baada ya ukarabati wa pauni milioni 4.2, na siku ya safari yake ya kwanza watu waliingia kwenye reli kuipiga picha hadi treni zikasimamishwa. Mapato ni kwa safari moja moja, tiketi ghali, na kila safari ina bili ya njia, bima na dizeli ya akiba.

Tawi lenye mandhari hujilipa vizuri zaidi, kwa maoni yangu, kwa kuwa safari hujirudia. Daraja la Glenfinnan lenye matao 21, kwenye njia ya Mallaig, linauza tiketi lenyewe. Reli inayojitegemea hupata pesa kila wikendi, lakini kila taruma, kila kalvati na kila tuta ni lako. Mafuriko ya mwaka 2007 yaliikata Severn Valley sehemu nyingi, na njia nzima ilifunguka tena mwaka 2008 baada ya mamilioni ya pauni.

## Nani achague nini

Shirika la reli linalomiliki njia lina nafasi ambayo chama hakina. Kampuni ya reli ya Union Pacific ya Marekani ilikirudisha kichwa chake kikubwa cha mvuke, Big Boy 4014, relini Mei 2019 kwenye reli zake yenyewe. Haikumwomba mtu ruhusa ya kupita, na ikaifunga dizeli nyuma kwa tahadhari. Kama nyinyi ndio wenye reli, njia kuu kwa safari moja au mbili za maadhimisho kwa mwaka inawezekana. Safari za kila wiki ni jambo jingine.

Chama chenye kichwa kimoja kizima, mafundi wawili watatu na ufadhili wa muda, nakielekeza kwenye tawi. Tafuteni njia ambako treni ya abiria tayari inapita na mandhari yapo. Nairobi hadi Nanyuki, au Moshi hadi Arusha, kote abiria walikorudishwa mwaka 2020, ni mahali pa kuanzia mazungumzo na shirika husika kuhusu uzito wa ekseli na madaraja. Huko kichwa chepesi kinafaa kuliko Garratt ya daraja la 59, ambayo kila ekseli ya kusukuma hubeba karibu tani 21.

Kaunti, halmashauri au mwekezaji anayetaka kazi za kudumu, mafunzo kwa vijana na watoto wa shule kila mwezi, atumie kipande kilichoachwa cha reli ya zamani kama kinapatikana kisheria, hata kilomita tano. Aanze na bajeti ya tuta na mifereji ya maji, halafu boila.

Na kama boila lenyewe halijapimwa unene, au hakuna anayejua kuliwasha taratibu usiku kucha bila kulipasua, acheni kichwa makumbusho kwa sasa. Kifunikeni mvua isikiingie dohani, vipakeni mafuta vyuma vya kusukuma magurudumu, na mketi na wale wazee mkiwa na kinasa sauti kabla ya mvua zijazo.